Kiu Juu ya Eyasi

Babu yangu mpendwa,

Mwangaluka, guku. Naanza na salamu yako ya Kisukuma kwa sababu najua nikikuandikia "shikamoo" utajifanya hujasikia, kama ulivyomfanyia kila aliyerudi kutoka mjini na Kiswahili kipya mdomoni. Mimi mwenyewe hukuniacha. Siku niliyorudi kutoka shule ya kati kwa mara ya kwanza nikakupigia shikamoo, ulimgeukia bibi ukamwuliza, "Huyu anasema anaumwa wapi?" Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Nakuandikia kutoka Geita, kwenye chumba nilichopewa nyuma ya darasa. Ndiyo, mimi sasa ni mwalimu. Dirisha langu linatazama njia ya wachimbaji, na kila asubuhi nawaona wakipita na kofia zao na kumkumbuka baba alipokuwa kama wao. Leo nimewagawia wasichana wangu wa darasa la sita vitabu vya likizo, riwaya za zamani za Wazungu zilizofupishwa kwa Kiswahili chepesi. Nimewapa na amri niliyopewa mimi: soma, andika muhtasari kwenye daftari, rudi nao. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na tusiporudi je?" Alikuwa anafanya mzaha, na wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Jibu nililompa nitakuambia mwishoni, maana lilitoka kwako. Nilipofika chumbani nikatafuta karatasi niandike barua hii ambayo nimekuwa nikiikwepa tangu bibi aniambie ile siri yenu.

Unaikumbuka likizo ile ya kiangazi? Ulikuja kunipokea pale lori la pamba linaposhushia watu. Ulilitwaa sanduku langu la bati, lile ambalo baba alilinunua mgodini, ukalipandisha begani na kulipima kidogo kwa kuchezesha mgongo. "Limejaa mawe?" ukauliza. Nikasema, "Nguo, guku, na mambo ya shule." Nikataka kukusaidia, ukanikaripia kwamba bega lako lilikuwa likibeba mizigo kabla baba yangu hajaota meno.

Nilikuwa na furaha ya kurudi, lakini hofu pia nilikuwa nayo. Baba alikuwa ameandika kutoka Geita kwamba mambo ya shule yangu mwamuzi ni wewe. Na wazee wawili wa kijiji cha ng'ambo ya mto walikuwa wameshapita uani kwetu mara mbili likizo iliyotangulia, wakiuliza habari za mvua huku macho yao yakinitazama mimi nikitwanga. Kila mtu alijua wana kijana wa kuoa, na ng'ombe wanao. Ulituita wote jioni ile ile ukasema: "Likizo hii nitamtazama. Nikiona shule imempa akili, atarudi. Nikiona imempa mdomo tu, atakaa." Mdomo nilikuwa nao tangu kuzaliwa, babu, na wewe ulijua. Akili ndiyo sikuwa na hakika nayo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na riwaya niliyopewa na mwalimu wetu, mwanamke wa pwani aliyevaa viatu hata ndani ya nyumba. Wenzangu walipewa kitabu kimoja kimoja. Changu kilikuwa vitabu viwili vyembamba, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mende walikuwa wamekula jalada la kwanza, kwa hiyo hata jina lake sikulijua. Mwalimu alisema atakayerudi bila muhtasari atafagia bwalo muhula mzima.

Kazi ya msimu ilikuwa kuchambua pamba. Pamba safi upande huu, fifi yenye majani na madoa upande ule, na ole wake atakayechanganya mbele yako. Kila alasiri tulikaa uani, wewe kwenye kigoda chako, bibi na shangazi Minza kwenye ngozi ya ng'ombe, na jirani mmoja au wawili waliokuja kusaidia na kutumalizia michembe, viazi vyetu vya kukausha. Siku ya tatu nikaomba nisome kwa sauti, kwa sababu sikuona saa nyingine ya kusoma. Ulinitazama kwanza. "Soma," ukasema. "Tujue wanawafundisha nini huko."

Kiswahili cha kitabu hamkukielewa nyote, kwa hiyo nilikuwa nasoma sentensi kimya kimya kisha naisema kwa Kisukuma. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kutafsiri ni kazi ya mtu jasiri au mtu mjinga. Riwaya ilimhusu msichana aitwaye Marita, binti wa mwoka mikate, aliyepanda meli kwenda kumtafuta kaka yake. Mikate ilinishinda, nikasema baba yake alikuwa akiuza viazi vya kuchoma. Theluji niliifanya mvua ya mawe. Kwa neno nahodha sikupata la kwetu, nikaliacha kama lilivyo, na wewe, ambaye ulimi wako haukutaka mambo ya "dh", ukamwita Nahoza. Ukaniuliza Nahoza huyo ni wa ukoo gani. Bahari nayo nikaifanya nyanza, bila kufikiri hata kidogo. Maji mengi ya kupandia chombo kwetu ni nyanza, sasa ningeyaitaje?

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Shangazi Minza alimpenda Marita, wewe ulimdharau kwa kuondoka kwao bila kuaga. Siku ya nne upepo ukafa, meli ikasimama katikati, maji ya kunywa yakakaribia kuisha, na mabaharia wakaanza kuanguka kwa kiu. Nilisoma kwa huzuni ya kweli. Kuinua macho, nikaona mkono wako umesimama juu ya pamba.

"Hao watu wako wapi?"

"Juu ya nyanza, guku."

"Nyanza imekauka?"

"Hapana. Imejaa, huoni mwisho wake."

"Na wanakufa kiu."

"Ndiyo."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Jirani akauliza kama hao watu hawana mikono, au tuwapelekee kata. Wewe hukucheka. "Mimi nimelala Nkome," ulisema. "Nilipokwenda kumwona baba yako mgodini nilifika mpaka ufukweni, penye dagaa. Niliinama nikanywa nyanza kwa kiganja mpaka tumbo likajaa. Leo unaniambia watu wanakufa kiu wameyakalia maji?" Ukaendelea: "Mtu mzima ameandika hivyo. Mwalimu amekupa. Na wewe umesoma, hukuuliza. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa naisubiri?"

Kisha ukamwambia bibi kwamba sanduku langu la bati lingefaa sana kuwekea mbegu za msimu ujao, panya wasingeweza kulitoboa.

Babu, nakusamehe kila kitu, lakini usiku ule sikulala kwa ajili ya neno "mbegu". Nililia jikoni asubuhi mpaka bibi akachoka. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "kulia umeshalia. Sasa fikiri. Hayo maji yana kasoro gani hata wasiyanywe?" Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa pwani. Alituambia siku moja kwamba kwao watu wanakaa hatua chache kutoka baharini na bado wanakwenda kisimani na ndoo, kwa sababu bahari ni chumvi tupu. Nilikariri neno hilo kwa ajili ya mtihani, nikapata alama yangu, nikalisahau. Mwandishi wa kitabu hakulieleza kwa sababu kwao hakuna asiyelijua. Kwetu, hakuna aliyelijua.

Nilikukimbilia uani. "Guku, maji yale yana chumvi!"

Hukugeuka hata kichwa. "Maji yote hayo? Nani mwenye chumvi ya kutosha kuyatia?"

Bibi akajibu kutoka mlangoni, mwiko mkononi: "Na Eyasi nani aliitia?"

Uliweka pamba chini. Naiona sura yako hata sasa. Sote tulijua kwamba ulipokuwa kijana, kabla hujaoa, ulikwenda na wenzako kwa miguu mpaka ziwa Eyasi kuchukua chumvi, siku nyingi za pori na simba, na kurudi nayo mabegani. Tulijua ulikwenda, basi. Habari zenyewe hukuwahi kutusimulia, hata bibi alikuwa hajazisikia. Siku ile ulisimulia. Wewe ndiwe uliyeshika kibuyu cha maji cha wote, kwa sababu wenzako walikuamini hutakunywa peke yako, na kila mtu alipata funda lake asubuhi na jioni, si zaidi. Rafiki yako Maganga alishindwa kuvumilia. Alipoliona ziwa alipiga magoti akalinywa, mkakaa siku mbili mkimsubiri amalize kutapika. Mpaka anazeeka, ulisema, Maganga hakugusa mboga yenye chumvi, na wakwe zake walidhani ana maringo.

Ulipomaliza ulinigeukia kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekuchelewesha. "Kumbe wako juu ya Eyasi! Kwa nini hukusema? Siku zote nyanza, nyanza! Maskini watu hawa. Leta kitabu."

Tangu siku ile bahari kwetu ikawa Eyasi, na wewe ukawa bingwa wa safari. Nisingeweza kusoma ukurasa mzima bila ushauri wako. "Mwambie Nahoza awape kokoto wafyonze." "Mwambie yule mrefu aache kuongea, kuongea kunakausha koo." Nilikuambia hawasikii, walishakufa zamani hata kama waliishi. Ukasema hiyo si sababu ya kuwaacha wafanye ujinga. Majirani waliongezeka. Pamba yetu ilichambuliwa mapema kuliko ya mtu yeyote, ingawa shangazi alitia fifi kwenye pamba safi mara mbili na wewe, babu, hukuona.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya pipa. Melini lilibaki pipa moja la maji, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa nahodha. Alisema atalifungua siku ya kumi tangu upepo ufe. Mpaka hapo, asiyetaka kufa ashike kasia. Mabaharia walimchukia wakataka kumwua. Wewe peke yako ulimtetea. Uliwaambia majirani kwamba anayeshika kibuyu hapendwi na mtu mpaka safari iishe. Sehemu ya kwanza inaishia pale Marita anapomnyemelea nahodha aliyelala, anaunyoosha mkono, anaugusa ufunguo, na nahodha anafumbua macho.

"Endelea," ulisema.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Siku hiyo wale wazee wawili walikuwa wamekuja kutaka jibu. Walikuwa wamekaa karibu nawe, nao midomo wazi, michembe imesahaulika mikononi. Niliwatazama wao, nikakutazama wewe. Ufunguo wa sanduku langu ulikuwa shingoni mwangu kama wa nahodha, na sehemu ya pili ilikuwa sandukuni chini ya sare. Maneno yakatoka kabla sijayapima.

"Kimeishia hapa, guku. Kingine kiko shuleni."

Shangazi Minza alinirushia pamba usoni. Wewe uliinuka ukaenda kutazama ng'ombe ambao hawakuhitaji kutazamwa, na siku mbili hukuniongelesha. Nilidhani nimejiharibia. Mara kadhaa nilikaribia kukuambia ukweli, nikaogopa. Sehemu ya pili niliisoma kwa kujificha nyuma ya ghala la mtama, nikaujua mwisho, na mwisho ulinikaa kooni kwa sababu sikuwa na wa kumwambia.

Siku ya tatu wale wazee walirudi. Nilikuwa natwanga, na nilipokusikia unakohoa nikapunguza mchi ili nisikie. "Huyu mtoto bado ana kazi yangu," uliwaambia. "Anakwenda kunifuatia kitabu. Nimewaacha watu na kiu juu ya Eyasi. Siwezi kuozesha mtoto katika hali hiyo." Wakacheka wakidhani unatania. Wakakutazama vizuri, wakaacha kucheka, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Nilitwanga mtama ule mpaka ukawa vumbi.

Ulinisindikiza mpaka kwenye lori, sanduku begani. Safari hii hukusema lolote juu ya uzito wake. Uliniambia tu, "Usikisahau." Nikakuapia sitakisahau, nikapanda lori haraka bila kukutazama.

Miezi sita baadaye, mvua imekolea, nilishuka kwenye lori lile lile na kabla sijakuamkia ukasema, "Kimekuja?" Nikakitoa. Ulikifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. Tulikisoma alasiri zile ambazo mvua ilitukatalia kwenda shambani, watu wamebanana mpaka mlangoni. Siku ya kumi nahodha alilifungua pipa mbele ya wote, na pipa lilikuwa tupu, kavu, tangu siku ya saba. Yeye alijua. Alilifunga ili watu wavute makasia wakiwa na kitu cha kungojea, na kwa kuvuta kwao waliiona nchi kavu siku ya kumi na moja.

Shangazi alikasirika kweli. "Mwongo mkubwa!" akasema. Lakini wewe ulicheka, babu. Ulicheka mpaka machozi, ukajipiga paja, ukanitazama mimi, ukasema, "Huyo Nahoza ni mwenzangu." Nilidhani unasema habari ya kibuyu cha Eyasi.

Habari ya ng'ombe wa ng'ambo ya mto haikurudi tena. Nilimaliza darasa la nane, nikaenda chuo cha ualimu, na wewe ukatutoka kabla sijakuletea cheti ukishike. Hilo bado linaniuma, na sitajifanya haliniumi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona bibi. Tulikuwa tunachambua pamba, yeye na mimi, na roho ikanisuta nikamwambia yote: kwamba kitabu cha pili kilikuwa sandukuni tangu mwanzo, kwamba nilikudanganya mbele ya wageni na hukuwahi kujua. Bibi aliniangalia kwa huruma, akatoa jani kwenye pamba, akalitupa.

"Babu yako alijua," akasema.

Akanieleza. Zile siku mbili ulizoninyamazia, mimi nikiwa nimekwenda kisimani, mchwa walipanda ukutani karibu na kitanda changu, ukalinyanyua sanduku kulihamisha. Ukasimama nalo. Ukamwambia bibi, "Sare zake zimeanikwa uani. Kitabu chake anacho Minza, anatazama picha. Hili lina nini?" Ukalitikisa, kitu kikagonga bati. Ukalitikisa tena. Bega lililobeba chumvi kutoka Eyasi halikuhitaji kuambiwa. Bibi akasema mvunje kufuli muone. Ukakataa. "Nikilifungua leo," ulimwambia, "nitausikia mwisho, na mtoto atabaki hapa anachambua pamba. Liache lifungwe." Ukalirudisha mahali pake, ukamkataza bibi asiniambie, akakutii mpaka mwezi uliopita.

Miezi sita, babu! Wewe uliyekuwa huwezi kungoja ugali uive. Ulikuwa na kiu ile kuliko sote, na maji yalikuwa chini ya kitanda changu, hatua nne kutoka kwenye kigoda chako. Nilicheka mbele ya bibi mpaka pamba ikamwagika, kisha nikalia, na bibi akaniacha nilie.

Sasa nikupe lile jibu. Leo wasichana wangu nimewapa nusu nusu. Vile vitabu vilivyokuwa vizima nimevikata uzi nikavigawa viwili, mwalimu mkuu asijue. Nusu za pili ziko kabatini kwangu, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Yule aliyeuliza "na tusiporudi je?" nilimwambia, "Mwisho hamtaujua. Waambieni na babu zenu."

Barua hii nitakwenda kuisoma kwa sauti kwa bibi, uani, kwa Kisukuma. Bahari nitaiita Eyasi, na shangazi Minza akitia fifi kwenye pamba safi nitamnyamazia kwa niaba yako.

Wabeja, guku, asante kwa yote. Pumzika vyema.

Mjukuu wako uliyekubali akudanganye,
Kabula